Kufunga muziki wa maana kwenye Altezza ukiwa Tabora

Tabora mjini gari la muziki utalisikia kabla hujaliona. Buti linatetemeka, kibao cha namba kinagongana na bodi, kioo cha duka kinaitikia, na ukiulizwa ni wimbo gani unapigwa humo ndani huna jibu. Mwenye gari ametumia pesa nyingi na karibu zote zimeishia kwenye buti. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kinyume chake: akae kwenye kiti cha dereva, apandishe vioo, asikie gitaa la solo upande wake, mwimbaji katikati ya dashibodi, na besi ije kama inatokea mbele ingawa boksi liko nyuma.

Mfano wangu ni Toyota Altezza, kwa sababu ni gari la michezo ambalo kijana wa hapa anaweza kulipata kwa bei ya kueleweka. Lilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, linasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na liko la namna mbili: RS200 yenye injini ya 3S-GE ya silinda 4, na AS200 yenye 1G-FE ya silinda 6. Ukiwa na Celica au Impreza, hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni vipimo vya matundu na njia za waya.

Anza na ekzosi

Altezza nyingi zimeshakatwa ekzosi ya kiwandani na kuchomelewa bomba pana lenye mdomo wa ndoo. Ngurumo ile na muziki mzuri ni mafahali wawili, na zizi ni moja.

Piga hesabu uone. Injini ya silinda 4 hulipua mara mbili kila inapozunguka. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani milipuko 100 kwa sekunde, yaani hezi 100. Hapo ndipo inapokaa besi ya spika za mlango, na ndipo sauti nzito ya kiume inapoanzia. Kwa AS200 ya silinda 6 ni hezi 150, bado mlemle. Kwa hiyo ukiwa kwenye lami ya Nzega na mshale umetulia kwenye 3,000, bomba lako linapiga noti moja ndefu juu ya kila wimbo, na hakuna amplifaya ya kulifuta. Rudisha sailensa ya katikati kwanza. Kama ngurumo ndiyo raha yako, endelea nayo, ila nunua spika za bei ya kawaida. Za bei kubwa hutazisikia.

Soma umeme wa gari kabla ya kufungua pochi

Chukua mita ya umeme. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, pima betri: volti 12.6 ni nzima, 12.2 imebaki nusu. Washa injini, isome kati ya 13.8 na 14.4. Sasa washa taa kubwa, feni ya ndani na kiyoyozi kwa pamoja. Ikishuka chini ya 13 na kubaki hapo, tatizo lako ni altaneta au mkanda wake, na kuongeza amplifaya juu ya hilo ni kutafuta kusukumwa barabarani.

Tusome mfumo ambao naupendekeza kwa Altezza: amplifaya ya njia nne yenye wati 75 kwa kila njia, na nyingine ya njia moja yenye wati 400 kwa ajili ya sabufa, yaani spika kubwa ya besi. Jumla ni wati 700 za kweli. Amplifaya za daraja D hupoteza kama sehemu moja ya tano ya umeme kuwa joto, kwa hiyo zitavuta wati 875 hivi. Gawa kwa 13.8 unapata ampia 63. Usitishike. Muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote, na wastani wake huwa theluthi ya hapo au pungufu. Altaneta nzima ya kiwandani inabeba, mradi betri ni nzima pia. Soma kibati cha altaneta uone imeandikwa ampia ngapi, kisha kumbuka kwamba gari lenyewe, usiku, na taa, feni ya radieta na pampu ya mafuta, linaweza kula ampia 30 au zaidi.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi la amplifaya zisikusumbue. "Wati 5000" ni mapambo. Geuza amplifaya, tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Fyuzi moja ya ampia 30 ikizidishwa kwa volti 13.8 na kupunguzwa ule upotevu inakupa kama wati 330, basi. Muuzaji akikuapia kwamba fyuzi hiyo moja inatoa wati 2000, msalimie uondoke.

Vifaa, na mahali pa kuweka pesa

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani haikufai, na si kwa sababu ya uzee tu. Redio za Japani za miaka ile zilitengenezwa kusoma FM kuanzia 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana unapata stesheni moja mbili za mwanzo, nyingine zote kimya. Kile kidude cha kugeuza masafa kinasaidia redio, lakini huharibu usikivu na hakikupi matokeo ya RCA, yaani matundu ya waya zinazopeleka muziki kwenye amplifaya. Nunua redio mpya yenye matokeo matatu ya RCA, ya volti 4 kama unaweza.

Baada ya redio, kwa mpangilio wa umuhimu: prosesa ya sauti (DSP, kifaa cha kukata masafa na kuchelewesha sauti ya kila spika), seti ya spika za mbele za inchi 6 na nusu pamoja na twita zake, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, vifaa vya kutuliza milango, nyaya za shaba, amplifaya, na mwisho kabisa sabufa moja ya inchi 10 au 12. Spika za nyuma waache abiria wazisahau. Zinavuta sauti kisogoni na kuharibu kila kitu utakachokipanga mbele.

Vitu vingi vitatoka Kariakoo kwa basi. Mwambie anayekutumia afungue boksi na kukupigia picha ya fyuzi na ya namba iliyo chini ya kifaa kabla hajalifunga kwa tepu. Kurudisha mzigo ukishafika Tabora ni safari nyingine ya maneno.

Nyaya

Hapa ndipo fundi wengi wanapobana pesa ya mteja ambaye hajui. Unahitaji waya mkuu wa kipimo cha 4, ambao shaba yake ina milimita za mraba 21 hivi. Madukani umejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwa nje ni mwekundu, mzuri, na ganda lake nene kuliko nyama. Mazungumzo huwa haya:

"Fundi, huu ni shaba tupu?"

"Shaba tupu kaka, original."

"Naomba wembe."

Kata nyuzi chache, zikwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Aluminiamu inang'aa nyeupe chini ya rangi. Waya huo unabeba umeme kidogo, unapata moto kwenye maungio, na unakatika nyuzi moja moja kwa mitikisiko. Ukikosa kabisa shaba, nunua aluminiamu ya kipimo kinachofuata kwa ukubwa na usijidanganye kwamba ni sawa.

Chomoa terminali hasi ya betri kabla ya lolote. Fyuzi kuu, ya ampia 80 kwa mfumo huu, ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichunika ukagusa bodi bila fyuzi karibu, gari linaungua. Pale unapopita ukuta wa injini tumia tundu lenye mpira. Kama huna budi kutoboa tundu jipya, weka mpira wake. Bati tupu hula ganda la waya taratibu na halikuambii.

Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, RCA zipite upande wa pili. Angalia betri iko upande gani, upande huo uwe wa umeme. Waya wa ardhi ya amplifaya, ule hasi unaofungwa kwenye bodi, usizidi nusu mita: chagua bati nene la bodi kwenye buti, kwangua rangi kwa msasa mpaka bati jeupe, funga kwa nati na bolti na washa ya meno, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Skrubu ya bati peke yake haitoshi.

Kwenye plagi ya redio kuwa macho. Redio mpya inafuata rangi zinazojulikana: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ardhi, buluu yenye mstari mweupe inaamsha amplifaya. Waya za Toyota hazifuati hizo. Ardhi yao kwa kawaida ni kahawia. Nunua plagi ya kuunganishia, au pima kila waya kwa mita kabla ya kuunga. Kukata plagi ya gari na kusokota nyaya kwa vidole na tepu nyeusi ni kazi ya kumtafutia fundi mwingine ajira.

Milango

Hii ndiyo kazi yenyewe. Spika ya mlangoni ni nusu ya chombo. Nusu nyingine ni mlango. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na sauti ya nyuma ikipata upenyo wa kurudi mbele, besi inafutana. Mlango wa gari umejaa matundu. Ndiyo maana spika za laki kadhaa zikichomekwa kwenye mlango mtupu zinalia kama redio ya mkulima.

Egesha kivulini. Tabora haijakosa mwembe, ila tazama juu kama ni msimu wa maembe. Toa skrubu za kishikio na za ndani ya mpini, kisha vuta kava la mlango kwa kifaa cha plastiki kuanzia chini. Klipu zitavunjika chache. Nunua za akiba mapema. Ndani utakuta karatasi ya nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi, na chini yake vumbi. Gari lililokaa hapa kiangazi kimoja lina vumbi jekundu la kujaza kikombe humo ndani. Lifyonze kwa mashine, futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, likauke, halafu futa tena kwa spiriti. Ukibandika juu ya vumbi, umebandika kwenye vumbi.

Sasa gonga bati la nje kwa kifundo cha kidole, kupitia matundu ya ndani. Linalia kama sufuria. Kata vipande vya mpira wa butaili wenye foili, unene wa milimita 2, uvibandike katikati ya eneo tupu la bati na kuvikandamiza kwa kirola mpaka alama za foili zipotee. Huhitaji kufunika bati lote; robo hadi theluthi ya eneo inatosha. Gonga tena: mlio umekuwa mfupi, mzito, umekufa. Hiyo ndiyo dalili.

Usikubali karatasi ya lami inayouzwa rahisi kwa kuziba mapaa. Oktoba ya Tabora joto la nje hupita nyuzi 30, na bati la gari lililosimama juani huwa kali kuliko hapo. Lami inalainika, inateleza, inanuka ndani ya gari, na siku moja utashusha kioo kikarudi na michirizi myeusi.

Kisha bati la ndani. Matundu makubwa yazibe kwa kipande cha aluminiamu nyembamba kilichofungwa kwa skrubu, butaili juu yake. Hapa ndipo unapofunika pote. Shusha na pandisha kioo kila baada ya kuziba tundu, maana chuma za kioo hupita karibu sana na wala hutaziona. Matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango usiyaguse: mvua za kuanzia Novemba huingia mlangoni kupitia mpira wa kioo, na hayo ndiyo mapito ya maji. Ukiyaziba mlango unaoza kutoka ndani.

Spika isikae kwenye kipete cha plastiki cha kiwandani. Mwambie seremala akukatie pete za plaiwudi ngumu, milimita 18, kwa vipimo vya spika yako na matundu ya bolti za mlango. Zipakwe vanishi koti mbili pande zote, mpaka kingo. Pima kina kwanza, kioo kikiwa chini, usije ukakuta sumaku inagusa. Kati ya pete na bati weka sponji jembamba la kuziba hewa, na jingine kati ya uso wa spika na kava la mlango, sauti isipotelee ndani ya kava.

Twita zielekezwe juu, kwenye pembe ya kioo cha pembeni karibu na nguzo ya mbele. Zikiwa chini, mwimbaji anaimbia magoti yako.

Boksi la sabufa

Mji huu una maseremala wa mninga hodari, na watakushawishi wakutengenezee boksi la mninga. Kataa kwa heshima. Mbao ya asili hunywea kiangazi na kuvimba masika, maungio yanaachia, boksi linavuja hewa. Mninga mwachie seremala akutengenezee fremu ya mbele ya kupendezesha. Boksi lenyewe liwe la MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi) ya milimita 18, gundi ya mbao kwenye kila ungio, skrubu kila sentimita 10, na silikoni ndani ya pembe zote. Iache silikoni ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa, kwa sababu mvuke wake si rafiki wa gundi ya koni. Nje paka rangi kabla ya zulia. MDF ikinywa maji inavimba kama mkate.

Nenda na boksi lililofungwa kabisa, bila tundu la kupumulia. Kwa sabufa ya inchi 12 lita 28 hadi 35 za ndani hutosha nyingi, lakini karatasi ya sabufa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Lenye tundu hupiga kwa kishindo zaidi, ila linahitaji hesabu za makini na linameza buti. Kulipima kama linavuja: sukuma koni polepole kwa vidole vyote, uiachie. Ikirudi taratibu, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, tafuta ufa.

Tazama na omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba inakuwa omu 2, ukiziunga mfululizo inakuwa 8. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake omu 2 usiishushe kwenye 1.

Kuwasha na kupanga nguvu

Rudisha terminali ya betri bila fyuzi kuu. Hakikisha kila kitu, kisha chomeka fyuzi. Kama cheche ni kubwa isivyo kawaida, chomoa utafute.

Kitufe cha geini kwenye amplifaya, kinachoilinganisha na nguvu ya redio, si kitufe cha sauti, ingawa kila mtu hukizungusha hivyo. Chomoa spika. Weka ekwalaiza zote sifuri, geini chini kabisa, redio kwenye robo tatu ya sauti. Cheza toni ya majaribio ya desibeli 0: hezi 1,000 kwa spika za mlango, hezi 50 kwa sabufa. Kwa twita tumia toni iliyo juu ya mkato wake, hezi 5,000 hivi, kama mita yako inasoma masafa hayo. Weka mita kwenye volti za AC, kwenye matokeo ya amplifaya. Namba unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 75 kwa omu 4 ni volti 17.3. Wati 400 kwa omu 2 ni volti 28.3. Pandisha geini polepole mpaka hapo, simama. Ukiona watu wanaunguza sabufa kila mwaka, hatua hii ndiyo waliyoiruka.

Kupanga sauti

Kata masafa kwenye DSP, yaani pangia kila spika sauti zake, kabla ya kuunganisha twita, kwa sababu besi ya sekunde chache inaiua. Twita zianzie hezi 3,500, milango kuanzia hezi 80 hadi 3,500, sabufa hezi 80 kushuka chini, zote kwa mteremko wa desibeli 24.

Halafu ucheleweshaji, ambao ndio unaomleta mwimbaji katikati. Kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo spika ya kulia inafika sikioni mapema. Video nyingi za mafunzo zimepigwa Marekani ambako dereva anakaa kushoto. Ukinakili namba zao umepanga kinyume. Pima mwenyewe kwa futi ya fundi, kutoka kila spika hadi katikati ya kichwa chako ukiwa umekaa unavyoendesha. Tuseme sabufa iko sentimita 200, mlango wa kushoto 130, wa kulia 85. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde. Iliyo mbali zaidi, sabufa, ipe sifuri. Kushoto ni 70 gawa kwa 34, milisekunde 2.1. Kulia ni 115 gawa kwa 34, milisekunde 3.4. Twita zipigie hesabu hiyohiyo. Ukimaliza, cheza wimbo wa mwimbaji mmoja na gitaa, fumba macho, injini ikiwa imezimwa. Sauti ikiwa bado imeegemea kulia, ongeza ucheleweshaji wa kulia kwa nukta moja moja.

Kisha jaribu kugeuza polariti ya sabufa, yaani kubadilishana waya chanya na hasi. Upande ambao besi ya hezi 80 inasikika nene zaidi ukiwa kitini ndio sahihi. Ekwalaiza iwe ya kupunguza kuliko kuongeza: pakivuma, shusha, pakipwaya, kwanza tafuta sababu mlangoni.

Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na mafuta, chomoa RCA kwenye amplifaya. Mluzi ukiisha, unaingilia redio au njia ya RCA, na mara nyingi ni ardhi ya redio. Usipoisha, rudi kwenye ardhi ya amplifaya na msasa wako.

Baada ya wiki chache za barabara za vumbi, kaza upya nati ya ardhi, terminali za betri na kishikio cha fyuzi, mitikisiko hulegeza. Puliza vumbi kwenye mapezi ya amplifaya kila mwezi wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi huzuia joto kutoka na amplifaya itaanza kujizima mchana. Mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, chokonoa matundu ya chini ya milango kwa njiti.